Kocha Mmoja, Timu Sita: Namna ya Kubeba Michezo ya Chuo Kizima

Katika vyuo vingi vya ualimu Tanzania, mwalimu wa michezo ni mmoja. Ameajiriwa kuwa mkufunzi wa somo fulani, kisha michezo ikapachikwa juu: soka la wanaume, soka la wanawake, netiboli, wavu wanaume, wavu wanawake, na riadha. Timu sita, filimbi moja. Watu watakukumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka, nawe umeshikishwa sita.

Kazi ya namna hii si ngeni. Amos Alonzo Stagg aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1892, akafundisha soka la Kimarekani hapo hadi 1932, na katika miaka hiyo akashika pia riadha, besiboli na kikapu. Leo vyuo vikubwa vya Marekani vina kocha wa kila mchezo na wasaidizi wake. Kwetu hali ya Stagg bado ndiyo hali ya kawaida, ila yeye alikuwa na bajeti.

Usijaribu kuijua michezo yote sita kwa kina kilekile. Unachosimamia hasa ni vitu vitatu visivyoongezeka: miili ya wanafunzi walewale, uwanja uleule, na saa mbili za jioni. Ukivipanga hivyo, ufundi wa kila mchezo utajifunza njiani.

Barua na daftari kwanza

Kabla hujagusa mpira, omba barua ya uteuzi kutoka kwa mkuu wa chuo. Iseme mambo manne: timu unazosimamia, vipindi vya darasani ulivyopunguziwa, fungu la michezo linaombwaje na nani anatia saini, na nani anaongozana na wasichana safarini. Bila barua hiyo, siku mchezaji akivunjika mkono utaulizwa nani alikutuma.

Kisha nunua daftari kubwa. Andika majina ya wanafunzi wote waliojitokeza upande wa kushoto, michezo sita juu, na utie vema. Usiruke hatua hii hata kama unadhani unawajua. Winga wako wa kulia ndiye anayekimbia mita 100, GD (beki) wa netiboli ndiye mpigaji wa wavu, na kipa ana mikono ambayo seta, yule anayewapangia wapigaji mpira kwenye wavu, angeitamani. Kila mwenye vema mbili aandike kwa mkono wake mchezo upi ni mkuu na upi ni wa pili. Mchezo mkuu anauhudhuria kila zoezi, wa pili mara moja kwa wiki. Vema ya tatu haikubaliwi, isipokuwa mbio za kupokezana vijiti, kwa sababu hizo zinahitaji mazoezi machache na watu wenye kasi hupatikana popote.

Ratiba: oanisha michezo isiyogombana

Masomo yakiisha saa 9:30 alasiri, unabaki na saa 10:00 hadi 12:00 jioni. Giza linaingia muda mfupi baadaye. Oanisha michezo isiyogombea wachezaji wala eneo. Mpango unaofanya kazi kwenye chuo chenye uwanja mmoja wa soka na kiwanja kimoja kigumu ni huu:

- Jumatatu na Jumatano: soka la wanaume uwanjani, netiboli kiwanjani.
- Jumanne: wavu kiwanjani, wanawake saa ya kwanza na wanaume saa ya pili, riadha (mbio fupi na miruko) uwanjani.
- Alhamisi: soka la wanawake nusu ya uwanja, mitupo nusu nyingine.
- Ijumaa: wavu kwa saa moja, kisha kona na faulo kwa timu yenye mechi kesho.
- Jumamosi: mechi.

Wakimbiaji wa mita 1,500 na 5,000 wape alfajiri ya Jumanne na Alhamisi, saa 12:00, chini ya nahodha wao. Hawahitaji uwanja, wanahitaji barabara ya vumbi na mtu mwenye saa.

Utasema huwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kweli. Kaa na kundi linalojifunza kitu kipya, na kundi la pili lipe zoezi wanalolijua, likiongozwa na mwanafunzi msaidizi. Hapa chuo cha ualimu kina faida kuliko chuo kingine chochote: wanafunzi wako wanakwenda kuwa walimu, na mwakani watakabidhiwa timu za UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) au UMISSETA (ya sekondari) huko waendako. Mpe kila msaidizi zoezi lililoandikwa kwenye karatasi, dakika kwa dakika. Kitu kimoja tu usimwachie: tufe, kisahani na mkuki havirushwi bila wewe kuwepo. Siku ya Alhamisi simama kwenye mitupo, msaidizi awe na soka, na sekta ya kurushia ielekee mbali na wachezaji. Anayekwenda kuokota mkuki anatembea baada ya filimbi, wote kwa pamoja.

Ulizia mapema kuhusu ibada. Mchezaji Msabato hatacheza Jumamosi kabla ya jua kuzama, hivyo usimjengee timu kana kwamba atakuwepo. Mwezi wa Ramadhani, sogeza zoezi la wanaofunga hadi dakika 60 za mwisho kabla ya futari na ulifanye la ufundi na mbinu, pasipo mbio za kuchosha. Wakimaliza wanakunywa maji papo hapo.

Kuchora viwanja

Nunua tepu ya mita 50. Tepu ya fundi seremala ya mita 5 ikirudiwa mara ishirini inazaa uwanja wenye umbo la kiatu. Kata vigingi 12, na kamba ya manila isiyovutika, kwa sababu kamba ya nailoni inarefuka ukiikaza.

Pembe ya mraba inapatikana kwa kanuni ya 3-4-5: pima mita 3 upande mmoja wa kigingi, mita 4 upande mwingine, na umbali kati ya ncha hizo uwe mita 5 kamili. Kwa uwanja mkubwa tumia 6-8-10, maana kosa dogo kwenye pembetatu ndogo linakuwa kubwa mbele. Halafu hakiki kwa kupima mshazari kutoka kona hadi kona. Kiwanja cha wavu cha mita 18 kwa 9 kina mshazari wa mita 20.12. Netiboli, 30.5 kwa 15.25, mita 34.10. Soka la mita 100 kwa 64, mita 118.73. Mishazari miwili isipolingana, usianze kumwaga chokaa ukitumaini haitaonekana.

Jua pia unahitaji chokaa kiasi gani. Mistari yote ya uwanja wa soka wa ukubwa huo, pamoja na duara la kati, maboksi na viduara vya kona, inafika karibu mita 700. Netiboli ni kama mita 156, wavu mita 81. Pima debe moja linachora mita ngapi kwa upana wa sentimeta 10, kisha gawanya. Chokaa iliyochomwa inaunguza macho na ngozi yenye jasho, hivyo omba unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa. Ukikosa, tumia rangi nyeupe ya ukutani ya maji iliyozimuliwa. Oili chafu ya gari, ambayo bado inaonekana kwenye viwanja vingine, ni sumu kwenye kidonda cha mchezaji aliyeteleza.

Kama kiwanja kigumu ni kimoja, netiboli na wavu vinakaa pamoja vizuri ajabu. Wavu unataka mita 18 kwa 9 pamoja na nafasi huru ya mita 3 kila upande, yaani 24 kwa 15. Netiboli ni 30.5 kwa 15.25. Kwa hiyo chora wavu katikati ya netiboli kwa rangi nyingine, na nguzo za wavu zisimame ndani ya mabomba yaliyozikwa kwenye zege, zing'olewe siku ya netiboli. Weka kifuniko juu ya mashimo hayo. Shimo wazi kiwanjani ni kifundo cha mguu kinachosubiri zamu yake.

Neti ya wavu ni mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, ikipimwa katikati. Kasoro ya kila mahali ni neti kulegea. Pembeni inasoma 2.43, katikati imeshuka sentimeta 8, na wapigaji wanazoea. Wakifika kwenye mashindano ambako neti imekazwa, smashi zote zinaishia kwenye neti na wewe unadhani wameingiwa na woga. Pitisha waya wa chuma badala ya kamba kwenye ukingo wa juu, na uchonge alama mbili za kudumu kwenye kila nguzo.

Pete ya netiboli iko mita 3.05 kutoka chini, sawa na ya kikapu. Ndiyo maana wengi hufanyia mazoezi ya kufunga kwenye goli la kikapu. Lakini pete ya kikapu ina kipenyo cha sentimeta 45, ya netiboli 38, na netiboli haina ubao wa nyuma. GS (mfungaji) aliyezoea kugongesha ubaoni ana kazi ya kujifunza upya. Mwambie fundi wa kuchomelea atengeneze pete ya 38 kwenye bomba. Si kazi kubwa.

Njia ya riadha ya mita 400 yenye mistari sita inahitaji eneo la karibu mita 173 kwa 88, ambalo vyuo vichache vinalo. Chora ya mita 300: sehemu mbili zilizonyooka za mita 70.83, na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 25. Inataka mita 136 kwa 65 hivi, na inaweza kupita juu ya uwanja wa soka. Hesabu hiyo inachukulia kwamba mkimbiaji anakanyaga sentimeta 20 nje ya chokaa ya ukingo wa ndani, kama kanuni inavyotaka pasipo ukingo ulioinuka. Kila mstari, yaani kichochoro cha mkimbiaji mmoja, uwe na upana wa mita 1.22. Kwa mbio za mzunguko mzima, mwanzo wa kila mstari unasogezwa mbele mita 7.67 kutoka ule wa ndani yake, uwe umechora njia ya 200, 300 au 400, kwa kuwa tofauti hiyo inatokana na upana wa mstari, siyo ukubwa wa duara. Wengi wananakili 7.04 ya mstari wa pili kutoka vitabuni. Namba hiyo ni ya njia yenye ukingo, na kwenye nyasi inamnyima mkimbiaji wa pili sentimeta 63.

Sekta ya tufe na kisahani, ambayo rasmi ni nyuzi 34.92, haihitaji kifaa cha kupimia nyuzi. Toka katikati ya duara vuta kamba mbili za mita 20, zitanue mpaka kati ya ncha zake pawe na mita 12. Umemaliza.

Mipira na pampu

Mpira mmoja kwa wachezaji wawili ndio uwiano mzuri. Ukishindwa, pata angalau mipira 10 ya soka, 8 ya netiboli na 8 ya wavu. Ongeza koni 40, vizibao 12 vya kila rangi kwa rangi mbili, pampu mbili na sindano kumi. Sindano ilowanishwe kabla ya kuingizwa, kwani kavu inachana vali. Na mtunza vifaa afundishwe jambo moja: mpira wa wavu unataka upepo mdogo, psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 4.26 hadi 4.61, wakati wa soka unaanzia karibu psi 8.5. Anayejaza yote sawasawa anaharibu ngozi ya mpira wa wavu na kuwatia wachezaji malengelenge mikononi. Wataanza kukwepa kupokea, na utapoteza wiki mbili ukitafuta tatizo la ufundi.

Mzigo wa mchezaji mwenye timu mbili

Hapa ndipo kocha wa michezo mingi anapofaulu au kuharibu. Kocha wa soka anaona mchezaji wake alifanya mazoezi matatu. Haoni kwamba mwili uleule ulifanya matano.

Njia ya kupima ni rahisi na haina kifaa. Kama dakika 30 baada ya zoezi, kila mwenye vema mbili anakutajia namba kutoka 0 hadi 10: lilikuwa zito kiasi gani? Zidisha kwa dakika za zoezi. Chukua mshambuliaji ambaye pia yuko kwenye 4 × 100. Jumatatu soka dakika 90 kwa uzito 6, unapata 540. Jumanne riadha 60 kwa 7, ni 420. Jumatano soka 90 kwa 7, ni 630. Alhamisi umemwita tena afanye mbio fupi dakika 50 kwa 8, ni 400. Jumamosi mechi, 90 kwa 9, ni 810. Jumla 2,800. Mwenzake wa soka pekee ana 1,980. Tofauti ni 820, zaidi ya theluthi moja juu ya mzigo wa mwenzake, na ukiwatazama ndani ya jezi wote wawili wanaonekana wamechoka sawa.

Ukiwa na namba hizo, fanya mambo mawili. Jumla ya wiki isipande zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kutoka wiki iliyopita. Na siku mbili ngumu zisifuatane kwa mtu yuleyule: mshambuliaji huyo umfutie Alhamisi, au Jumatano acheze dakika 45 tu. Mwenye netiboli na wavu yuko hatarini zaidi, kwa kuwa kwa ratiba niliyoandika hapo juu anaweza kuruka na kutua siku nne kati ya tano. Goti linalouma chini kidogo ya kilegesambwa asubuhi wakati wa kushuka ngazi ni taarifa ya kwanza. Mpunguzie miruko, siyo mazoezi yote. Akafanye pasi na kuanzisha mpira akiwa amesimama.

Kupasha mwili moto kuwe kumoja kwa timu zote. Programu ya FIFA 11+, dakika 20 hivi, ina mbio nyepesi, mazoezi ya nguvu na usawa, na kutua kwa magoti yaliyokunjwa yasiyoingia ndani. Ilitengenezwa kwa soka, lakini kutua ni kutua. Ukiifanya mara mbili au tatu kwa wiki bila kukosa inapunguza majeraha. Ukiifanya siku ya mechi pekee haifanyi kitu.

Mchezo usioujua

Umekulia kwenye soka, umepewa netiboli. Anza kwa kujifunza kuchezesha. Hakuna njia ya haraka ya kuujua mchezo kama kushika filimbi yake kwa mechi kumi, kwa sababu kila uamuzi unakulazimisha kuona kilichotokea miguuni na mikononi. Hudhuria kozi ya waamuzi ya chama cha mkoa kabla ya kozi ya ukocha.

Kuna makosa ambayo kocha wa soka huyaleta karibu kila mara. Kwenye netiboli atawaambia mabeki wabane, wakati beki anatakiwa kuwa sentimeta 90 kutoka mguu wa kutulia wa mwenye mpira. Atasisitiza pasi ndefu, na mpira hauruhusiwi kuruka theluthi nzima ya kiwanja bila kuguswa. Mchezaji ana sekunde tatu tu, hivyo zoezi lenye faida ni la kutua, kugeuka na kutoa kabla ya kuhesabu "mbili". Mguu aliotulia nao akiuinua, mpira uwe umeshaondoka kabla haujagusa chini tena. Zoeza hilo kwa dakika 10 kila siku na kelele za "hatua!" zitapungua.

Kwenye wavu, pointi zinazopotea kimyakimya ni za mzunguko. Timu inazunguka kwa mwelekeo wa saa kila inapopata haki ya kuanzisha, na wakati mpira unapopigwa kuanzisha kila mtu wa timu inayopokea awe kwenye nafasi yake kulingana na jirani zake. Chora nafasi sita kwa chaki, wapange, piga filimbi, zungusha, piga filimbi. Dakika tano bila mpira. Wachezaji wanachukia zoezi hili, lakini ndilo litakalokuokoa seti ya tano inayoishia pointi 15, ambako kosa moja la mzunguko linauma.

Kwenye vijiti vya 4 × 100, eneo la kupokezana ni mita 30. Mpokeaji anaweka alama ya plasta nyayo 20 hadi 25 nyuma ya anapoanzia. Anayeleta akifika kwenye alama, mpokeaji anaondoka kwa kasi yote bila kugeuka. Wakigongana, ongeza nyayo mbili. Akishindwa kumfikia, punguza mbili. Kijiti kiende kulia, kushoto, kulia, kushoto, kisibadilishwe mkono njiani. Timu nyingi za vyuo zenye wakimbiaji wazuri hupoteza hapa kwa sababu walikutana mara ya kwanza siku ya mashindano.

Mchujo

Fanya siku mbili tofauti, maana siku moja mtu anaweza kuwa na malaria inayoanza. Jaribio la Cooper, la kukimbia kadiri mtu awezavyo kwa dakika 12, linakupa kipimo cha pumzi (VO2max, mililita za oksijeni kwa kilo kwa dakika): toa 504.9 kwenye mita alizokimbia, gawa kwa 44.73. Mita 2,400 zinatoa 42.4. Mruko wa ukutani kwa vidole vyenye chaki, na mbio za mita 30 ukipima muda, vinatosha kwa mengine. Bandika majina yote kwa wakati mmoja. Aliyeachwa aambiwe sababu ana kwa ana, na umpe kazi: mwamuzi, mtunza kumbukumbu, msaidizi. Nusu ya wasaidizi bora wanatoka kwenye kundi hili.

Jeraha likitokea

Sanduku liwe na bandeji za mpira 6, glavu, shashi, plasta, mkasi, pakiti 10 za ORS, kila moja kwa lita moja ya maji safi, na pedi za wasichana. Jagi la barafu litoke jikoni kabla ya mechi.

Kifundo kikipinda: pumzisha, barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga, inua juu. Dawa ya kuchua na kukanda kwa mikono siku mbili za kwanza kunaongeza uvimbe, na ndilo kosa linalofanywa na marafiki wenye nia njema bwenini. Kama hawezi kupiga hatua nne, au mfupa wa upande wa kifundo unauma ukibonyezwa kwa nyuma, mpeleke akapigwe eksirei.

Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, akachanganyikiwa au akatapika hatarudi uwanjani siku hiyo, hata fainali ikiwa dakika ya 85. Aliyeanguka ghafla bila kugongwa na hapumui kawaida, agiza gari na uanze kubonyeza kifua papo hapo: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimeta 5 hadi 6. Radi ikisikika, wote waondoke uwanjani, na wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usiwaweke chini ya mwembe.

Wiki za mashindano

Wiki mbili kabla ya UMISAVUTA, mashindano ya vyuo vya ualimu, punguza wingi wa mazoezi kwa karibu nusu, lakini kasi ibaki ileile. Zoezi la dakika 90 liwe la 45 kwa nguvu zote. Makocha wengi wanafanya kinyume, wanazidisha kwa hofu, na timu inafika kambini ikiwa na miguu mizito.

Kwenye kikao cha kupanga ratiba nenda na orodha ya wenye vema mbili. Ulizia nusu fainali ya soka na mchujo wa mita 100 viko saa ngapi. Ratiba inabadilika kirahisi kwenye kikao hicho, na haibadiliki kabisa ikishabandikwa. Safari ya timu ya wanawake iwe na matroni, na wewe usikae peke yako na mwanafunzi chumbani wala ndani ya gari. Hii inamlinda yeye, na wewe pia.

Kupanda ngazi

Chagua mchezo mmoja wa kupandia, na mingine mitano ipate cheti cha chini tu. Kwenye soka ngazi za CAF (shirikisho la soka Afrika) ni D, C, B, A na Pro, na TFF, shirikisho la soka Tanzania, ndiyo inayoendesha kozi nchini. Cheti cha pili kiwe cha riadha, ngazi ya kwanza ya World Athletics (shirikisho la riadha duniani), kwa sababu kinafundisha kukimbia, kuruka na kurusha, na hakuna timu yako isiyotumia moja ya hayo. Kwa netiboli fuatilia kozi za CHANETA, chama cha netiboli Tanzania. Mwenye nia ya kuifanya kazi hii maisha yake yote aangalie stashahada za Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, au shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye akitaka kuhamia chuo kikuu, ambako mashindano yanasimamiwa na TUSA (chama cha michezo cha vyuo vikuu Tanzania), ataulizwa vyeti na kumbukumbu.

Kwa hiyo kumbukumbu zihifadhiwe tangu siku ya kwanza: matokeo ya kila mechi, muda na umbali wa kila mwanariadha, majeraha, na majina ya wasaidizi uliowalea na shule walikopangiwa. Orodha hiyo ya mwisho wengi hawaiandiki, nayo ndiyo inayozungumza zaidi kwenye usaili wa chuo cha ualimu.

Mkirudi kutoka mashindanoni, usiwaruhusu watu kutawanyika kabla vifaa havijahesabiwa mbele ya mtunza vifaa. Jezi zifuliwe zianikwe kivulini, neti ikaushwe kabla ya kukunjwa, mipira itolewe upepo kidogo na kuwekwa juu ya rafu, mbali na sakafu ambako panya hupita. Ripoti ifike kwa mkuu wa chuo ndani ya siku saba, ikiwa imeambatanishwa na maombi ya mwaka ujao: mipira mingapi imebaki, mingapi imechanika, na waya wa neti ya wavu uliokatika siku ya nusu fainali.